Mkia wa Kamimbi wa Tatu

Nyinyi vijana mliobaki pale atelye, karakana yetu ya magari, mnaniuliza kila mara kwa nini gari, kabla halijapakwa rangi ya mwisho, lazima lisukumwe hadi nje, na kila mfanyakazi avuke barabara, asimame ng'ambo, aliangalie kwa nyuma. Mnasema ni uchawi wa wazee. Siku yangu ya mwisho nilimsikia mmoja wenu akinung'unika kwamba mvua inanyesha na gari ni zito. Sasa nimestaafu, niko nyumbani, sina cha kushona ila mapazia yangu mwenyewe, basi nitawaeleza. Ya mishahara na vyeo siyaandiki; hayo mnayajua, maana hamlalamikii kitu kingine.

Nilifika pale nikiwa binti, na mashine ya miguu ya marehemu mama na sindano nene iliyopinda, ile ya kushonea viti. Baba alikuwa mtu wa reli, akaniambia, nenda ukashone viti vya magari, nguo za watu zina maneno mengi. Nikaingia getini. Aka! Nikakuta mwanaume anakata gari katikati. Gari zima, linang'aa, limetoka bandarini Dar es Salaam na usukani wake upande wa kulia, halina hata mkwaruzo, naye analipasua kama mkate! Nilipiga kelele hadi majirani wakachungulia. Yule mwanaume akazima mashine, akainua miwani yake ya kazi.

"Mama, unalilia motokari ao unalilia miye?"

"Motokari," nikasema.

"Bon. Basi utabakia. Benye kulilia miye, nabarudishaka kwabo."

Huyo ndiye Papa Kabulo, fundi wa bodi, tolye kama tunavyosema. Alikuwa anafupisha gari ili liwe la mbio. Mimi sikujua kama gari linafupishwa. Nilidhani linakuja jinsi Mungu na Wajapani walivyopenda.

Kazi yangu ilikuwa ndani ya gari, yake nje, lakini yote ya maana alinifundisha yeye. Alikuwa anafumba macho na kupitisha kiganja juu ya bati, polepole, toka mlango hadi taa. "Macho iko na bongo," alikuwa anasema, na bongo kwetu ni uongo. "Mukono haina bongo." Palipovimba kidogo tu, mahali ambapo wewe unaona pamenyooka kabisa, kiganja chake kilisimama. Nami nikajifunza kupapasa viti vivyo hivyo. Nilimshonea mfuko wa ngozi, tukaujaza mchanga wa mto, na juu ya mfuko ule alifinyangia shaba kwa nyundo ya mbao. Msichukue nyundo ya chuma kwa shaba, jamani. Nimeona mmoja wenu akifanya hivyo nikageuza uso.

Kesi ngumu zilikuwapo. Mfanyabiashara mmoja alileta gari kutoka Kasomeno, lilikuwa limebeba samaki wakavu mwaka mzima, anataka alitumie kwa harusi yake. Nikatoa vitambaa, nikatoa musi, ile sponji ya ndani, nikaagiza mpya kupitia mpakani Sakania. Harufu iko. Nikabadilisha tena. Iko! Nikafikiri nimelogwa. Papa Kabulo akafungua ubao wa mlango, na humo ndani, mama yangu, samaki mzima amekaa ameegemea kioo. Tangu siku hiyo kabla ya kushona naanza na milango.

Sasa niseme ya Kamimbi. Kamimbi ni ndege mbayuwayu, na ndilo jina tulilolipa gari la mbio tulilotengeneza wenyewe, la watu wawili, la kukodishwa kwa harusi. Chini yake kuna gari la Kijapani, juu ni mikono yetu. Kamimbi wa kwanza alikuwa na mkia uliopasuka kama wa ndege mwenyewe. Wa pili alikuwa na taa nne za mviringo, na hizo taa zilimpa sifa mji mzima. Kwa sababu angalieni: harusini nani anaona uso wa gari? Dereva wa gari la kamera lililo mbele tu. Msafara wote uko nyuma. Watu wanafuata mkia toka nyumbani hadi kanisani, toka kanisani hadi ukumbini. Mimi nikasema waziwazi kwamba watu wanatulipa kwa ajili ya matako ya gari, na patroni wetu, Tshimanga, mwenye atelye, akanikataza kutumia neno hilo mbele ya wateja.

Na kwa kuwa mkia ndio mali, waliuiba. Mtu anasimama barabarani, anapiga picha na simu, kesho yake atelye nyingine ina taa nne za mviringo. Papa Kabulo alikasirika hadi akakataa kula. Akaweka sheria: kila Kamimbi aingie uani kinyumenyume, pua kuelekea geti, mkia kwenye ukuta wa nyuma, na turubai juu yake. Kati ya mkia na ukuta palibaki nafasi ya mtu mmoja kupita kwa ubavu. Sheria ikashikwa kama amri ya Musa. Miaka yote tulitengeneza mikia tukiwa tumeigusisha pua zetu, na hakuna aliyeona kwamba kuna shida.

Wakati wa Kamimbi wa tatu ndipo vita vilipoanza. Harusi ya kwanza ya gari hilo ilikuwa ya Clarisse, binti pekee wa Papa Kabulo. Mkewe, Bernadette, alifariki Clarisse akiwa darasa la kwanza, na mzee alimlea peke yake, akamsuka nywele mwenyewe hadi binti alipojifunza kujisuka, akizisuka vibaya sana. Kwa hiyo mkia huu haukuwa mkia tu kwake.

Alikuwapo Héritier, mchoraji wetu, ambaye leo ni mkubwa wenu. Wakati ule ndiyo kwanza ametoka chuo na masharubu yake membamba. Alitaka mstari mmoja wa taa nyekundu, toka upande huu hadi ule.

"Papa, dunia yote sasa ni mustari moja," akasema. "Taa mbili mbili ni ya ba nkambo, bazee ba zamani."

"Motokari iko kama muntu," Papa Kabulo akamjibu. "Weye uliona wapi muntu ya jicho moja, murefu namna ile?"

"Mais Papa, haiko jicho! Ni nyuma!"

"Basi uliona wapi matako ya namna ile?"

Patroni akaweka kichwa mikononi.

Papa Kabulo alitaka mfuniko wa buti, wa shaba, uliopigwa kwa mkono, mpana juu mabegani, unaopungua ukienda chini. Katikati taa moja ya breki, nyembamba, imesimama wima kama uti wa mgongo. Kwenye pembe nne, taa ndogo za njano. Ubavuni, vishikio vya shaba, viwili huku viwili huku, vya kufungia utepe na maua. Mimi nilitaka mfuniko mpana tu, ili mabeseni ya zawadi yaingie bila kupigana nao, na ukingo usiochana nguo za watu. Patroni alitaka plastiki. Tukamwangalia wote, akarudi ofisini.

Wiki nzima atelye ilikuwa bunge. Mekanisien mmoja, fundi wa injini, alimpiga mwenzake kwa sababu ya mstari! Watu wazima, wana wake na watoto, wanapigana kwa ajili ya taa! Siku moja Héritier akasema neno baya, kwamba shaba ni ya kuuzia watalii uwanja wa ndege. Papa Kabulo akaweka nyundo chini, taratibu, hiyo ndiyo iliyotisha, akavaa koti akaenda zake. Kesho yake hakuja. Nilimfuata nyumbani kwake Makomeno, nikamkuta amekaa na mchoro magotini.

"Feza," akaniambia, "mi iko naona hii kintu wazi kabisa. Sijue inatoka wapi, lakini naiona. Ni ya Clarisse. Kama hapana hii, basi hapana kintu."

Nikarudi kumwambia patroni. Patroni ana vidonda vya tumbo, hapendi kelele. Akatuita wote uani, akapiga meza.

"Mustari ya Héritier, muweke! Taa ya kusimama ya Papa Kabulo, muweke! Muweke yote mbili, na murudie ku kazi!"

Tukaweka zote mbili. Héritier aliridhika, mzee aliridhika, na mimi nilipata mfuniko mpana. Kazi ilipokwisha tuliingia mmoja mmoja kwa ubavu, kati ya mkia na ukuta, tukapapasa. Nilifumba macho nikapitisha kiganja kwenye ile shaba. Nilitokwa na machozi, nawaambia ukweli. Sijawahi kugusa bati laini vile.

Asubuhi ya harusi Papa Kabulo, suti yake ya bluu, akaingia, akawasha, akatoka getini pua mbele, turubai bado juu ya mkia, sisi tumesimama mbele tunapiga makofi. Akafika Makomeno. Mnajua alichofanya? Aliegesha kinyumenyume, mkia kwenye ua! Mkono umezoea. Mashangazi wakavua turubai, wakajibana pale nyuma kufunga utepe kwenye vishikio, wanacheka, wanakanyagana. Bibi harusi akapandia mlangoni. Mzee mwenyewe akashika usukani, binti pembeni yake.

Mimi nilipangiwa gari linalofuata, pamoja na Mama Meta, mama wa bwana harusi. Bernadette hayupo, basi mimi ndiye niliyekaa kiti cha mama wa bibi harusi. Mama Meta ni mtu wa mkoa wa Kasai, muuza vitenge, mkubwa wa mwili na mchache wa maneno. Mwaka uliotangulia alikuwa amemzika mwanawe wa kwanza. Familia yake yote ilikuwa imevaa kitenge kimoja, kijani na maua ya njano, alichokichagua yeye, na kingine kama hicho amekikunja begani. Tulipokaa akaniambia bila kunitazama:

"Mama Feza, nisikusemee bongo. Hii ndoa, nilikubali na mudomo. Roho bado. Nilipenda mutoto wa kwetu."

"Roho itafika, mama."

"Tutaona."

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa. Kila mtu alijua kwamba Mama Meta akigeuka, magari yote ya Kasai yanageuka naye, na mwanawe hawezi kuoa ikiwa mama yake amerudi nyumbani kwa hasira. Nilishika mkoba wangu nikaomba Mungu.

Msafara ukaanza. Honi, vigelegele, watoto wanakimbia. Kamimbi akatangulia. Gari letu likaacha nafasi kidogo, likanyooka nyuma yake, na mimi, baada ya miezi yote ile, kwa mara ya kwanza nikaona mkia ule kwa mbali.

Yo mawe!

Kilikuwa kifuniko cha jeneza. Sisemi kilifanana. Lilikuwa jeneza, limesimamishwa nyuma ya gari: pana mabegani, jembamba miguuni, shaba imeng'arishwa, vishikio viwili huku na viwili huku, na utepe mweupe umefungwa kwenye kila kimoja. Kwenye pembe nne taa za njano, kama mishumaa. Nikajiambia labda ni mimi tu. Labda yeye haoni.

Tukafika njia panda. Mbele kuna lori, Papa Kabulo akakanyaga breki. Mstari wa Héritier ukawaka, na taa ya kusimama ya mzee ikawaka, pamoja, nyekundu. Msalaba! Msalaba mwekundu juu ya jeneza la shaba, na bibi harusi yuko ndani!

Vigelegele vikakatika. Gari moja, la pili, la tatu, hadi mwisho wa msafara, kimya kabisa. Nyuma yetu mwanamke mmoja akaanza kulia, ile sauti ya kilio, ya msibani, ninyi mnaijua. Dereva wetu akafanya ishara ya msalaba na kusimama bila kuambiwa.

Mama Meta akafungua mlango.

"Mama, ngoja," nikasema.

"Hapana." Mguu mmoja ulikuwa chini tayari. "Mi nilifuata sanduku ya mutoto wangu mupaka ku kaburi. Sitafuata ingine. Hata ya kuchezea. Mubaambie bageuze."

Watu wakashuka. Wajomba wa Kasai tayari wanaita madereva wao. Bwana harusi, aliyekuwa gari la nyuma kabisa, anakuja mbio na viatu vyake vipya, anauliza nini, nani amekufa. Na Papa Kabulo naye akashuka mbele, amekunja uso.

"Kuko nini? Padiri anangoja! Mbona munasimamisha harusi ya mutoto wangu?"

Mama Meta alimshika mkono wa koti, mwanaume mzima na suti yake, akamvuta hadi kwenye pua ya gari letu, akamgeuza.

"Angalia."

Papa Kabulo akaangalia. Nilidhani atakasirika. Nilidhani atasema shaba yake haina kosa. Yeye akakaa pale pale barabarani, kwenye vumbi.

"Bernadette," akasema.

Hapo ndipo nami nilipoelewa, na nikashika kichwa. Hili sikuliandika pale juu kwa sababu mwaka ule sipendi kuurudia. Bernadette alipokufa, Papa Kabulo alikataa sanduku la kununua. Alijifungia atelye, akamtengenezea mkewe mwenyewe, mbao na shaba iliyopigwa kwa mkono, vishikio viwili huku na viwili huku. Kitambaa cha ndani nilikishona mimi. Lilikuwa hili! Mabega yale yale, pembe zile zile. Mikono yake ilikuwa imelificha umbo lile miaka yote, na siku ya kumtengenezea binti yake kitu kizuri kuliko vyote, ikalitoa hilo. Naye hakujua. Naapa hakujua.

"Nilifikiri ni kintu ya mupya," akasema. "Mama Meta, nilifikiri ni ya mupya kabisa."

Clarisse alikuwa ameshuka, ameshika gauni kwa mikono miwili. Akasimama kando ya baba yake, akaangalia. Alikuwa mdogo sana wakati ule, lakini mtoto hasahau.

"Papa," akasema, "hii njo sanduku ya mama."

"Njo yake."

Mzee akaanza kutafuta mifukoni, kwenye suti, kama mtu atakayepata spana humo. "Nitaitosha, nitaing'oa. Munipatie ufunguo ya kumi. Nitaitosha sasa hivi, Clarisse, tutaenda ata bila nyuma."

Mama Meta alikuwa amesimama juu yake. Wajomba wanamwita, mama twende, yeye hasikii.

"Ulimutengenezea weye mwenyewe?" akauliza.

"Miye mwenyewe."

Mama Meta akaitazama ile shaba. "Yangu, nilinunua," akasema. "Ku magasin. Nilionyesha kidole tu, ile. Sikujua hata nani aliitengeneza." Akajifuta uso kwa kiganja chote. "Sikumufanyia kintu na mukono yangu."

Clarisse alilia, poda yote ikaharibika, na mimi nilikuwa nalia kabla yake.

Ndipo Mama Meta akatoa kitenge begani, kile cha familia yao, kijani na maua ya njano. Akakikung'uta mara moja, pa! Akaenda hadi nyuma ya Kamimbi. Akakitandaza juu ya shaba, akakinyoosha, akazifunga pembe zake kwenye vishikio vyote vinne, fundo la mwanamke anayejua kufunga kitenge, halilegei. Wajomba wake wamepigwa na butwaa. Mimi pia.

"Mama, unafanya nini?" mjomba mmoja akauliza.

"Muko wangu, mama ya Clarisse, anaenda harusi ya mutoto wake," akasema. "Ataingia je kanisani bila kitenge ya famille?"

Akampa Papa Kabulo mkono, akamwinua, akampangusa vumbi la suruali kwa nguvu, kama mtoto anayepelekwa shule. Bibi harusi akapanda. Tukarudi garini, mimi na yeye, milango ikafungwa. Mbele yetu Kamimbi akaanza kutembea, kitenge kimevimba kwa upepo. Dereva wetu, bado anaogopa, akamwacha aende mbali.

"Sogea," Mama Meta akamwambia. "Fuata karibu. Usimuache peke yake."